Muhogo Uliong'atwa Ncha

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Nyie wawili mlioko nyuma, inueni nyuso. Moto uko huku mbele, lakini naona mwanga umewawakia videvuni. Vifunikeni hivyo vitu chini ya mkeka, havitakufa. Haya, upya. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mkono!

— Ukarefuka!

Palikuwa na jicho!

— Likabaki palepale!

Hapo sasa nimewapata.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo mtu akikohoa jirani humtambua kwa kikohozi chake, wanyama walikuwa na gulio lao mahali palipoitwa Jiwe Pana. Na katika gulio hilo palikuwa na bibi mmoja nungunungu, muuza mihogo. Jina lake Bi Nungu. Mfupi, mpana, hasira zake ziko karibu kama kisogo na shingo. Ukimgusa kwa neno, shaa! miiba imesimama. Lakini ukimuuliza bei, bei ni ile ile. Kwa tembo ile ile, kwa panya ile ile, kwa anayemsifu ile ile, kwa anayemtukana ile ile.

Gulio la Jiwe Pana lilikuwa na desturi yake. Muuza muhogo hung'ata ncha mbele ya mnunuzi. Atatafuna, atameza, kisha atafungua kinywa mnunuzi achungulie. Kwa nini? Msiulize kama wageni, muhogo mnaujua. Muhogo una ndugu wawili, mtamu na mchungu. Majani yao ni yale yale, ganda lile lile, weupe ule ule. Mtamu utautafuna mbichi na safari yako uendelee nayo. Mchungu ukiutafuna mbichi, safari yako ni ile ya kubebwa na wenzako. Na jicho haliwezi kuwatenganisha ndugu hao. Ulimi tu ndio unaowajua. Kwa hiyo pale Jiwe Pana muhogo mzima, usio na alama ya meno, uliogopwa kama nyoka kwenye kapu.

Sasa, ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na mlango wa Bi Nungu, aliishi digidigi mmoja na bintiye. Binti aliitwa Tunu, na mama akaitwa Mama Tunu. Bi Nungu hakujaaliwa mtoto. Lakini kila siku ya gulio kile kitoto cha digidigi kilikuja mbio kwa vile vijiguu vyake kama vijiti vya mshikaki.

"Bibi, ncha!"

"Ncha ya nini?"

"Ya kuonja!"

"Kwani wewe muuzaji?"

"Mimi mwonjaji!"

Basi Bi Nungu aling'ata ncha, akatafuna, akameza, akangoja kidogo. Kisha akang'ata kipande cha pili, akampa Tunu. Wakatafuna wakitazamana. Na ile miiba iliyotisha soko zima ikalala chini kama manyoya ya paka.

Hayo yalikuwa maisha. Halafu akaja Ngedere na akili zake.

Msimchukie Ngedere. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mikono miwili isiyotulia na kichwa kisicholala, basi. Siku hizo ukigombana na mwenzio ulimfuata alipo. Ukasimama naye pua kwa pua, ukanusa pumzi yake, ukamzaba kofi. Akilia unamwona. Ukishamwona, mkono wako unakuwa mzito, na ugomvi unaisha kabla ugali haujapoa. Lakini Chui hakujali machozi ya mtu. Chui alikuja gulioni akachukua alichotaka, na mara nyingine alichotaka kilikuwa mtoto wa mtu.

Siku moja Chui amekuja, Ngedere yuko juu ya mti. Akashika jiwe. Akalitazama jiwe, akamtazama Chui. Akalirusha. Pwaa! Puani! Chui akakimbia mkia katikati ya miguu, hakuangalia nyuma.

Ngedere akashuka, akapanda juu ya Jiwe Pana, akapiga kifua:

"Nimerefusha mkono! Nani ataka mkono mrefu?"

"Mimi! Mimi! Mimi!"

Bi Nungu naye alifurahi, asiyefurahi nani? Lakini akauliza kutoka kwenye mihogo yake: "Na jicho, Ngedere, umelirefusha?"

"Jicho la nini, Bi Nungu? Anayekula ni mkono."

Wakacheka. Wakarudi majumbani, kila mtu na jiwe lake.

Je, mawe yale yalimngoja Chui? Thubutu. Wiki haijaisha, kuku-pori wa kichakani, Kanga, akakuta yai lake limepasuka.

"Nani kavunja yai langu?"

"Jiwe."

"Nani karusha jiwe?"

"Jiwe limekuja tu."

Bi Nungu akapita mlango kwa mlango na miiba yake imesimama. "Jiwe lina miguu? Jiwe lina mabawa? Limezaliwa na nani hilo jiwe?" Kila mlango ukamjibu vile vile: jiwe limekuja tu. Mwenye mkono hakuonekana, kwa sababu mkono ulikuwa mbali, na mtu akiwa mbali haya haimshiki.

Ngedere hakutulia. Akachukua kamba, akafunga kipande cha ngozi katikati, akatia jiwe, akazungusha. Vuu, vuu, vuu, fyatu! Jiwe likaruka kutoka kilima hiki hadi kilima kile. Hilo ndilo kombeo.

"Nimerefusha mkono! Nani ataka mkono mrefu zaidi?"

"Mimi! Mimi! Mimi!"

"Na jicho, Ngedere, umelirefusha?"

"Aa, Bi Nungu na miiba yake! Jicho litafika tu, litafuata nyuma."

Halikufuata. Sasa hata mrushaji hakujua jiwe lake limeangukia wapi. Wa kilima hiki alimrushia wa kilima kile kwa sababu wa kilima kile alirusha jana. Wa kilima kile alirusha jana kwa sababu wa kilima hiki alirusha juzi. Ukiwauliza juzi ilianzaje, kimya. Chui mwenyewe alihama, akasema nchi hii imeharibika.

Na njia ya kwenda gulioni ilipita katikati ya vilima hivyo. Akapasuliwa kichwa huyu, akavunjwa pembe yule. Watu wakaacha kwenda. Majani yakaota juu ya Jiwe Pana, na Bi Nungu akawa anakaa pale na kapu lake kama mtu anayengoja wageni waliokwisha kuzikwa.

Ndipo Ngedere akaja mara ya tatu, na mara hii alikuja na mchwa.

Mchwa wale walijenga kichuguu kwenye kila mlango. Kichuguu chenye shimo pana kama mdomo wa mtungi, na chini kwa chini mashimo yote yameungana. Ngedere akapanda juu ya kimoja.

"Wapendwa! Njiani mawe, nyumbani raha! Uende gulioni upasuliwe kichwa kwa nini? Sema shimoni unachotaka, kitakuja shimoni. Tia mtama wako shimoni, mchwa watachukua chembe yao, uliobaki utamfikia mwenye mali. Hutoki, huchoki, huonwi! Nimerefusha mkono! Nani ataka mkono usio na mwisho?"

"Mimi! Mimi! Mimi!"

"Na hayo mawe ya njiani," akauliza Bi Nungu, "aliyaleta nani?"

Ngedere akakuna kwapa. "Hayo ya zamani, Bi Nungu. Mbona unapenda kuchimbua?"

"Na jicho, umelirefusha?"

"Jicho lipumzike. Limechoka kukutazama wewe ukinuna."

Wakacheka, kila mmoja kutoka ndani ya nyumba yake.

Lo, nisiwe mwongo, kichuguu kilifaa. Kobe mwenye mguu mbovu alipata mboga bila kutambaa kutwa. Mzazi wa juzi alipata uji wa mtama bila kumwacha mtoto. Bi Nungu aliyaona hayo na hakuyakana, maana alikuwa na hasira, hakuwa na chuki. Tena muhogo ukishachimbwa haungoji. Akabeba kapu lake hadi kwenye kichuguu chake. Akang'ata ncha, akatafuna, akameza. Akausukuma muhogo shimoni.

Muhogo ukarudi.

"Umeng'atwa," wakasema mchwa kwa sauti moja, sauti isiyopanda wala kushuka. "Mnunuzi hajaridhika. Kokoto moja."

Kokoto ni hivi. Mnunuzi akiridhika, mchwa huweka kokoto tano mlangoni kwa muuzaji. Asiporidhika, moja. Hivyo ndivyo watu walivyojuana siku hizo, kwa kuhesabu kokoto.

Bi Nungu akang'ata muhogo wa pili, akausukuma. "Nimeung'ata mimi mwenyewe! Nimeuonja, ni mtamu! Mwambieni!"

Muhogo ukarudi. "Umeng'atwa. Mnunuzi hajaridhika. Kokoto moja."

Akang'ata wa tatu. "Mwambieni huyo mnunuzi kwamba bila meno haya angekuwa kaburini tangu mwaka wa nzige!"

"Maneno ni mengi," wakasema mchwa. "Shimo ni jembamba. Kokoto moja."

Bi Nungu akainua kichwa kwa ghadhabu, na alipoinua kichwa akaona ng'ambo ya njia. Nani yuko kwenye kichuguu chake, mikono ina vumbi, anapangusa udongo? Mama Tunu! Ule muhogo ulikwenda chini kwa chini, ukazunguka vilima viwili, ukatokea hatua chache kutoka ulikoanzia, na Mama Tunu akaurudisha kwa njia ile ile.

Bi Nungu akavuka njia kama moto wa kiangazi.

"Mama Tunu! Huo muhogo ni wangu!"

"Wako? Nitajuaje, shoga? Umekuja na alama za meno, nikadhani ni panya."

"Maisha yako yote umenunua mihogo yenye meno haya haya!"

"Hapo nilikuwa nakuona ukiung'ata. Sasa sikuoni. Meno nisiyoyaona ni meno ya panya."

"Basi nione! Si nimesimama hapa? Tazama!" Akafungua kinywa.

Mama Tunu akarudi nyuma nusu hatua. "Usikasirike, shoga. Lakini siku hizi mtu huanza kwa kusema shimoni. Umenikuta na nguo ya jikoni, nyumba haijafagiwa..."

Kutoka ndani sauti ndogo ikaita: "Bibi! Ncha!"

"Kaa ndani wewe!" mama akamkemea. "Sisi siku hizi tunakula ya Bwana Ngiri wa nyuma ya kilima. Mizima, imeoshwa, inang'aa. Kokoto tano."

Kizuri chajiuza, shoga, akataka kuongeza, lakini Bi Nungu alikwisha kugeuka. Alivuka njia, akaingia kwake, akafunga mlango. "Sitavuka tena," akaapa. "Wanaotaka meno yangu wanajua nakaa wapi." Miiba yake haikulala siku ile, wala siku iliyofuata.

Sasa nisikilizeni kuhusu huyo Bwana Ngiri, maana naona mmeshaanza kumtafutia fimbo. Ngiri hakuwa mwizi. Naye zamani aling'ata ncha kama wenzake. Mchwa wakamrudishia: umeng'atwa, kokoto moja. Akang'ata kidogo tu, kwa pembeni: umeng'atwa, kokoto moja. Akaacha kung'ata: kokoto tano! Akaanza kuosha: kokoto tano! Akaanza kusugua kwa mchanga mpaka iwe kama pembe ya ndovu: kokoto tano, na maombi kutoka kila shimo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Shamba lake la zamani likaisha. Akachimba shamba jipya la bondeni, lenye miti ya muhogo aliyoikuta tu imejiotea. Mihogo minene, mirefu, myeupe kama maziwa. Zamani angeng'ata ncha moja na mambo yangeishia hapo. Siku hiyo akaosha, akasugua, akasukuma shimoni. Tena akatangaza ofa: nunua mmoja, chukua mitatu. Nchi nzima ikapiga kelele shimoni.

Jua lilikuwa linainama Bi Nungu aliposikia mtoto akilia.

Hakukisikia kilio kile shimoni. Alikisikia kwa masikio yake, kutoka ng'ambo ya njia, na alikitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani. Kiapo kikamshika mguu. Akasimama mlangoni. Kilio kikaja mara ya pili, chembamba. Mara ya tatu hakikuja.

Alivuka.

Alimkuta Tunu amelala chini, macho yamegeuka, miguu inatetemeka, povu mdomoni. Na mama yake je? Mama yake ametumbukiza kichwa kizima shimoni.

"Mwanangu anakufa! Leteni mganga!"

"Maneno yako yamefika," wakasema mchwa. "Subiri. Kuna maneno mengine mbele yako."

"Mwanangu anakufa, jamani!"

"Maneno yako ni ya thamani kwetu. Subiri."

"Anakufa! Anakufa!"

"Je, umeridhika na jibu letu? Weka kokoto."

"Mama Tunu!" Bi Nungu akamvuta kwa mkia. "Toa kichwa shimoni, shika mtoto! Kala nini?"

"Muhogo tu..."

"Upi?"

"Wa kokoto tano."

Bi Nungu akaokota kipande kilichobaki. Akakitazama: cheupe, kizuri, hakina doa. Akang'ata. Akatema saa ile ile. "Mchungu! Mchungu kama nyongo ya mamba! Nani kauonja huu?"

Mama Tunu akamtazama. Hakuna aliyeuonja.

Bi Nungu akapeleka mkono mgongoni, akang'oa mwiba wake mmoja. Nungu kung'oa mwiba wake mwenyewe ni kama wewe kujing'oa jino. Akaugeuza upande wa butu, akautia kooni mwa mtoto taratibu, taratibu, kama anayepitisha uzi kwenye shanga. Tunu akatapika. Wakamnywesha maji, akatapika tena. Wakamnywesha tena, akatapika mara ya tatu, na mara hii alilia. Kilio kibaya, kikali, cha mtoto aliye hai.

"Asante, shoga, asan—"

"Asante yako iweke. Mzigo huu wa Ngiri umekwenda nyumba ngapi?"

Mama Tunu akashika kichwa. "Zote. Leo ilikuwa ofa."

Nao ulikuwa wakati ule wa moshi wa jioni, wakati ambao kila nyumba wanakaa chini kula. Bi Nungu akainamia shimo: "Msile mihogo! Ni michungu! Wapeni habari wote!"

"Muuzaji wa kokoto moja husemewa mwisho," wakajibu mchwa. "Subiri."

Bi Nungu alitamka neno ambalo sitalirudia mbele ya watoto. Akatoka mbio, akamkuta Ngedere chini ya mti wake, ananing'iniza kombeo lake kidoleni, hana habari.

"Lete kombeo."

"Wewe? Si wewe uliyesema—"

"Lete!"

"Hujui kulitumia, Bi Nungu."

"Ngedere, nikikusogelea hatua moja zaidi utatoa miiba mpaka mwakani. Lete!"

Akaleta.

Bi Nungu akapasua majani, akapanda juu ya Jiwe Pana, mahali alipoketi maisha yake yote na kapu. Akatia jiwe, akazungusha. Jiwe la kwanza likamwangukia mguuni. Akatia la pili, akazungusha. La pili likarudi nyuma, likavunja chungu cha Ngedere mwenyewe. "Chungu changu!" Akatia la tatu, akazungusha kwa hasira za miaka yote ile, vuu, vuu, vuu, fyatu! Likaruka, likapiga mlango wa Ngiri nyuma ya kilima: gwaa!

Kuanzia hapo hakukosa. Mlango wa Kanga: gwaa! Mlango wa Kobe: gwaa! Kilima hiki na kilima kile, gwaa, gwaa, gwaa!

Basi nyie mnajua, watu wale waliacha kila kitu, lakini ugomvi hawakuuacha. Kila mtu akatupa chakula kilichokuwa mkononi, akachomoka nje na fimbo. "Nani karusha?" Vilima vyote viwili vikaitikia. "Nani karusha?"

Na tangu jiwe la kwanza kurushwa katika nchi ile, hapakuwahi kutoka jibu kwa swali hilo. Siku hiyo likatoka.

"Mimi! Mimi Nungu! Nimerusha mimi, niko hapa juu! Njooni mnipige! Lakini acheni muhogo, muhogo wa leo ni mchungu!"

Wakaja. Wakaja mbio kumpiga, wakajaa pale kwenye majani ya Jiwe Pana, na walipojaa wakaanza kutazamana. Maana ilikuwa muda mrefu.

"Ngiri, ndiye wewe? Mbona umezeeka?"

"Na wewe, Kobe, hilo gamba lako limepasuka lini?"

"Kanga, hao ni wanao? Wote hao?"

Fimbo zikaanza kushuka zenyewe, polepole.

Bi Nungu akanyanyua ule muhogo mweupe aliotoka nao kwa Mama Tunu, akampa Ngiri. "Ng'ata ncha."

"Mimi sing'ati siku hizi, Bi Nungu. Wateja hawa—"

"Ng'ata. Wote wanakutazama."

Ngiri akang'ata. Uso wake ukakunjika kama jani kwenye moto, akatema, akafuta ulimi kwa kwato. "Sumu hii! Mshenzi gani anawauzia watu sumu hii?"

"Ni wako, Bwana Ngiri."

Kanga akawakusanya watoto wake chini ya mabawa, akiwahesabu, akiwanusa midomo. Walikuwa wamekaa kula. Kipande cha kwanza alikuwa anacho mdomoni mwake aliposikia gwaa ya mlango.

"Mimi sikuuza," akasema Ngiri, machozi yanamlenga. "Kichuguu ndicho kilichouza."

"Enhe!" akasema Bi Nungu. "Na yai la Kanga nalo lilivunjwa na jiwe. Na kichwa cha jirani kilipasuliwa na kombeo. Nchi hii mikono imejaa kila mahali, mwenye mkono hata mmoja hakuna! Jiwe haliumwi na kilio, na kichuguu hakina tumbo. Tumbo ni lako. Ulimi ni wako. Utumie!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Hata Ngedere.

Ndipo Mama Tunu akafika, mtoto mgongoni. Tunu alikuwa mlegevu kama kitambaa kilichofuliwa, lakini macho yake yalikuwa yamerudi mahali pake. Akamwona Bi Nungu. Akanyoosha mkono.

"Bibi," akasema, "leo hukuonja."

Bi Nungu akaweka kombeo chini. Akashuka jiweni, na wakati akishuka miiba yake ikalala mmoja mmoja.

"Sikuonja, mjukuu wangu. Nilinuna."

"Usinune tena."

"Sinuni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vichuguu hawakuvibomoa. Kobe na mguu wake angekula nini? Lakini kuanzia siku ile muhogo mzima usio na meno ulirudishwa shimoni. "Haujang'atwa," wakasema mchwa kwa sauti yao ile ile isiyopanda wala kushuka. "Mnunuzi hajaridhika." Na aliyetaka kujua meno ni ya nani alikuja Jiwe Pana siku ya gulio kuyatazama, kinywa wazi. Na Mama Tunu alivuka njia kwa miguu yake, na nguo yake ya jikoni.

Mafunzo yake ni haya, na sitayarudia: ukirefusha mkono, refusha na jicho. Usipoweza kulirefusha, basi uwe na ujasiri wa kusema, ni mimi.

Na ndiyo maana hadi leo nungu akiingia shambani kwako hung'ata muhogo huu kidogo, akauacha, akang'ata ule kidogo, akauacha, na wewe unaamka asubuhi unamlaani. Mtu anakuonjea bure, humshukuru! Na ndiyo maana watu husema nungu hurusha miiba. Uongo mtupu. Alirusha mawe, jioni moja tu, na akajitaja jina.

Ngano yangu nimeichimba, nimeimenya, nimeing'ata ncha mbele yenu. Atakayeibeba aibebe, atakayeitema ateme mbali na mkeka wangu. Na huo muhogo unaochomeka hapo motoni, aliyeuleta nani?

Mbona kimya?

Aung'ate kwanza.